Be Internet Awesome ya Google darasani: wajibu imeufundisha, haki imeziruka

Mwalimu anayetafuta somo la bure la kuwafundisha watoto wa shule ya msingi kuhusu maisha ya mtandaoni hachelewi kukutana na Be Internet Awesome, programu ambayo Google iliizindua Juni 2017. Ni ya bure kweli. Hakuna akaunti ya kufungua wala kitu cha kusakinisha. Mwongozo wa mwalimu ni faili la PDF, na mchezo wake, Interland, unachezwa ndani ya kivinjari. Walengwa ni watoto wa miaka 7 hadi 12, yaani kwa kukadiria darasa la pili hadi la sita. Mapitio haya tumeyaandika tukimfikiria mwalimu wa Kenya na Tanzania mwenye kipindi cha dakika 35 au 40, darasa kubwa, na umeme usiotabirika.

Tunaipendekeza, ila isitumike peke yake. Inafundisha vizuri jinsi mtoto anavyopaswa kuenenda mtandaoni. Haimfundishi anachostahili kutendewa na wengine: shule, kampuni, serikali, hata mzazi anayeposti picha zake. Mwalimu akiishia kwenye mwongozo huu, wanafunzi wataondoka wakiamini kwamba usalama wao ni kazi yao wenyewe, na kwamba aliyedhurika lazima alikosea mahali. Nusu iliyobaki ya somo inabidi mwalimu aiandae mwenyewe, na inaandalika bila gharama.

Mwongozo wa mwalimu

Humu ndimo ilimo thamani ya programu nzima. Mwongozo una sehemu tano: kushirikisha taarifa kwa uangalifu, kutonaswa na uongo, kulinda siri, kuwa mwema kwa wengine, na kumweleza mtu mzima pale mtoto anapokuwa na shaka. Kila sehemu ina malengo, msamiati, na mazoezi kadhaa yenye maelekezo ya hatua kwa hatua. Jambo linalotufurahisha zaidi ni kwamba mazoezi mengi hayahitaji kompyuta. Shule nyingi za Tanzania na Kenya haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, na maabara ya TEHAMA ikiwepo huwa na foleni. Ubao, karatasi na nafasi ya kukaa duara vinatosha.

Chukua zoezi la siri. Kila mtoto anabuni siri ya uongo, kisha anaulizwa: ungemwambia jirani yako? Ungelitangazia darasa zima? Dakika chache tu na watoto wanaelewa kwamba kitu kikishatoka mkononi hakirudi. Kasoro yake ni hii: baadhi ya watoto hawabuni. Mtoto wa miaka tisa akiambiwa afikirie siri, anaifikiria ya kwake ya kweli, naye akibanwa na maswali ataitoa mbele ya wenzake. Dawa ni rahisi. Andaa vikaratasi vyenye siri zilizokwisha andikwa, kwa mfano "Naogopa kulala gizani" au "Nilipata alama 4 kati ya 50", uvigawe vikiwa vimekunjwa. Mtoto ailinde siri ya kikaratasi, asiguse ya kwake.

Zoezi la toni ya ujumbe nalo ni zuri, na kwa Kiswahili linanoga kuliko kwa Kiingereza. Andika ubaoni neno moja, "Sawa." lenye nukta mwishoni, kisha "Sawa sawa!", kisha "Haya." Mwombe mwanafunzi mmoja asome kila moja kwa furaha, mwingine kwa hasira, wa tatu kwa kukata tamaa. Darasa lipige kura: aliyeandika alikuwa na hisia gani? Kura zitagawanyika, na hapo mwalimu anauliza ungefanya nini kabla ya kujibu kwa ukali. Mifano ya mwongozo ni ya mazungumzo ya watoto wa Marekani, usiitafsiri. Tunga ya kwenu.

Utapeli: badilisha mifano yote

Sehemu ya pili ndiyo inayohitaji kazi kubwa. Mafunzo ya kutambua ulaghai yameegemea barua pepe na kurasa za kuingilia akaunti. Mtoto wa Kibaha au Kakamega huenda hana barua pepe kabisa, lakini anaishika simu ya mama kila jioni na ujumbe wa matapeli anausoma kabla ya mama. Mifano minne inatosha kipindi kimoja.

Wa kwanza ni "Ile hela itume kwenye namba hii". Unafanya kazi kwa sababu unategemea bahati: ukiwafikia watu wengi, yupo ambaye kweli anasubiriwa kutuma hela. Wa pili ni ujumbe unaojifanya umetoka kwenye huduma ya pesa, ukisema umepokea kiasi fulani, ukifuatwa na simu ya mtu anayelia kwamba ametuma kimakosa. Kipimo cha kumfundisha mtoto ni kimoja: salio linaangaliwa kwenye menyu ya huduma, haliaminiwi kutoka kwenye ujumbe. Tena ujumbe wa kweli hutoka kwa jina la huduma, si kwa namba ya kawaida ya simu. Wa tatu ni kiungo cha bando la bure kinachosambazwa WhatsApp, kinachokutaka uwatumie marafiki kadhaa kabla ya kupewa. Waonyeshe alama ya mishale miwili, inayomaanisha ujumbe umekwisha kupita mikono mingi: WhatsApp huiweka pale ujumbe unapokuwa umesambazwa kwa mfululizo wa mara tano au zaidi. Wa nne ni tarakimu sita za uthibitisho wa WhatsApp. Anayeziomba, hata akiwa na picha ya shangazi yako, anataka kuichukua akaunti.

Malizia kwa hatua, si kwa onyo. Tanzania, ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda 15040, na *106# humwonyesha mtu namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kenya, wateja wa Safaricom hutuma kwenda 333. Watoto wazipeleke nyumbani namba hizi zikiwa zimeandikwa daftarini.

Mazoezi ya kutathmini habari, yaliyoongezwa 2019, yanafaa zaidi kwa darasa la tano na la sita. Kwa wadogo ni marefu mno.

Nywila

Ushauri wa mwongozo kuhusu nywila haudhuru, lakini una uzee. Unataka herufi nane au zaidi, kubwa na ndogo, tarakimu na alama. Watoto wakiufuata wote hufanya kitu kilekile: jina, herufi ya kwanza kubwa, mwaka mwishoni, alama ya mshangao. Mdukuzi anaujua mtindo huo. Tangu 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikwisha acha kupendekeza masharti ya kuchanganya alama na kubadilisha nywila kila baada ya muda, ikasisitiza urefu na kuikataa nywila iliyokwisha vuja.

Fundisha maneno manne badala yake. Fungua kamusi kurasa nne bila kuchagua, weka kidole, chukua neno. Ukichagua kwa nasibu kutoka orodha ya maneno 2,000 tu, michanganyiko inayowezekana ni trilioni 16. Herufi nane ndogo za nasibu zinatoa takriban bilioni 209. Neno "nasibu" ndilo lenye uzito hapa. Methali, mstari wa wimbo, au majina manne ya ndugu zako si nasibu, na mtoto akiachiwa achague mwenyewe atachukua hayohayo. Mifano ya ubaoni isitumiwe na mtu yeyote baadaye, na mwanafunzi asiandike nywila yake ya kweli kwenye zoezi. Tunalisema kwa sababu ni kosa la kawaida: mwalimu anakusanya madaftari ya kusahihisha na ghafla ana nywila za darasa zima.

Ongeza PIN, ambayo mwongozo haukuifikiria kwa uzito inaostahili kwetu. Tarakimu nne zinatoa uwezekano 10,000. Mtu akitumia mwaka wa kuzaliwa, kati ya 1950 na 2015, uwezekano unabaki 66. Watoto wahesabu wenyewe. Hesabu hiyo inawakaa kichwani.

Interland

Mchezo una nchi nne: Mindful Mountain, Reality River, Tower of Treasure na Kind Kingdom. Ni mzuri kwa macho na watoto wanaupenda. Kwa kufundisha, nchi hizi hazilingani.

Reality River ndiyo bora. Ili kuvuka mto mtoto anajibu maswali ya hali halisi, na hawezi kupita bila kuchagua. Mindful Mountain ni fumbo la vioo: unazungusha kioo ili mwale wa nuru umfikie anayestahili taarifa na usimfikie anayevujisha. Wazo ni zuri, ila mtoto anaweza kulishinda kwa kuangalia pembe za vioo bila kufikiri hata mara moja nani anapewa nini. Tower of Treasure ni mbio, na mwenye vidole vyepesi ndiye anayefaulu. Kind Kingdom ni ya kurukaruka ukigawa wema, kumzuia mchokozi na kumripoti. Darasa la pili na la tatu wanaifurahia. Darasa la sita wanaiona ya kitoto.

Mchezo una michoro ya pande tatu inayoelemea kompyuta za zamani, na unahitaji intaneti. Kompyuta ishirini zikigawana hotspoti ya simu moja, kipindi kitaishia kwenye skrini ya kusubiri. Njia inayofanya kazi ni kompyuta moja na projekta: ifungue kabla kengele haijalia, cheza Reality River, na kila swali darasa lipige kura kwa kuinua mikono. Simamisha kabla ya kubonyeza jibu, muulize aliyechagua tofauti na wengi atoe sababu. Maswali manne yakijadiliwa hivyo yana faida kuliko mchezo mzima uliochezwa kimyakimya. Usipokuwa na projekta, nakili maswali ubaoni na usahau mchezo. Toleo tunalolizungumzia hapa ni la Kiingereza, hivyo kwa shule zinazofundisha kwa Kiswahili mwalimu atasoma na kueleza kila swali.

Kilichoachwa nje

Katika mwongozo, hatari zina sura ya mtu: mdukuzi, mchokozi, tapeli, rafiki asiyejua kunyamaza. Kampuni inayokusanya taarifa za mtoto haimo miongoni mwa hatari. Uchambuzi wa kitaaluma uliochapishwa 2018 uliitaja kasoro hiyo waziwazi. Mwaka uliofuata, Septemba 2019, Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 kumaliza madai ya mamlaka za Marekani kwamba YouTube ilikusanya taarifa za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hatusemi programu ni hila. Mazoezi yake ni ya kweli na yameandaliwa na watu wanaojua watoto. Ila somo la faragha lililoandikwa na anayenufaika na taarifa lina mpaka wake, na mwalimu aujue mpaka huo uko wapi.

Haki zenyewe zimeandikwa na zina nguvu. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia 1990 na Tanzania 1991, unalinda faragha katika kifungu cha 16, kujieleza katika cha 13, kupata habari katika cha 17 na kucheza katika cha 31. Mwaka 2021 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilitoa Maoni ya Jumla namba 25, yanayosema kwamba haki hizo zinamfuata mtoto hadi mtandaoni, na yanazitaka nchi zipige marufuku kisheria kuchambua taarifa za mtoto kwa ajili ya biashara. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 31, inamlinda mtu asitakiwe bila ulazima kutoa taarifa za familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inadai ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto. Tanzania ina ibara ya 16 ya Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayompa mhusika haki ya kuzifikia taarifa zake na kudai zirekebishwe.

Kwa hiyo ongeza kipindi kimoja baada ya sehemu ya kwanza ya mwongozo. Chukua fomu tupu ya kujiunga na shule yenu, itoe nakala. Dakika kumi za kwanza, makundi ya wanafunzi wanne waorodheshe kila taarifa inayoombwa: jina, tarehe ya kuzaliwa, dini, kabila, kazi ya baba, namba ya simu, ugonjwa. Dakika kumi na tano zinazofuata, mbele ya kila moja waandike inahitajika kwa kazi gani, nani ataiona, na itakaa muda gani. Mahali pengine hawatapata jibu. Pazungushieni duara. Dakika kumi za mwisho, kila kundi liandike barua fupi kwa mwalimu mkuu likiuliza kuhusu duara moja, kwa heshima na kwa hoja. Barua zipelekwe kweli, na majibu yasomwe darasani wiki inayofuata. Zoezi la haki lisilo na mtu wa kujibu linawafundisha watoto kwamba haki ni maneno. Fomu iwe tupu, narudia, isiwe ya mwanafunzi yeyote.

Zungumza na mwalimu mkuu kabla, si baada. Mshangao utaua zoezi.

Kwa picha, kuna kesi ya kufundishia. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Wanafunzi wajadili nani alipaswa kuulizwa, na je, mtoto mwenyewe naye angeulizwa? Waambie pia kwamba nchini Kenya lalamiko likifikishwa kwa Kamishna, sheria inataka lichunguzwe na kukamilika ndani ya siku 90.

Wajibu nao una makali ya kisheria ambayo mwongozo hauyataji. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inagusa habari za uongo katika kifungu cha 16 na unyanyasaji wa mtandaoni katika cha 23. Sheria ya Kenya ya 2018, kifungu cha 27, inaweka adhabu ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10 kwa unyanyasaji wa mtandaoni. Kwa watoto wa msingi usiyafanye haya kuwa vitisho. Yataje wanapouliza, na kwa sekondari yasomwe.

Sehemu ya mwisho, iliyo dhaifu kuliko ilivyoonekana

Mtoto akiwa na shaka, amwambie mtu mzima. Hilo ndilo fundisho la tano, na mazoezi yake yameandikwa kwa upole. Lakini tathmini ya Chuo Kikuu cha New Hampshire iliyochapishwa 2023, iliyolinganisha shule zilizopewa programu na zisizopewa, ilikuta watoto wameongeza ujuzi wa dhana na kujiamini katika kukabili matatizo ya mtandaoni, huku uonevu haukupungua na kuomba msaada kwa watu wazima hakukuongezeka. Matokeo hayo tunayaona ya maana kuliko cheti chochote.

Sababu moja inaeleweka kirahisi kwetu: mtoto akisema, simu inachukuliwa na yeye anachapwa au anafokewa. Mwongozo unamwambia aseme, haumwambii mtu mzima afanye nini akishaambiwa. Kabla ya kufundisha sehemu hii, shule iwe imeamua mambo matatu na kuyaandika ukutani: mwalimu gani anaambiwa, anapatikana wapi na saa ngapi, na ahadi kwamba aliyesema haadhibiwi kwa kuwa na simu. Bila ahadi hiyo, ruka sehemu hii kwanza. Namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni ya bure Kenya na Tanzania, na mtoto anaweza kuipiga pasipo mwalimu.

Ushahidi uhifadhiwe: picha ya skrini yenye namba au jina la akaunti, tarehe na saa, bila kufuta mazungumzo. Isipokuwa picha ya utupu ya mtoto. Hiyo mwalimu asiipige picha, asijitumie, asiwaonyeshe wenzake, hata kwa nia njema. Aandike akaunti na tarehe, simu iachwe ilivyo, na suala lipelekwe polisi: Dawati la Jinsia na Watoto kwa Tanzania, au kitengo cha ulinzi wa watoto cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kwa Kenya.

Nani aichukue

Darasa la tatu hadi la tano ndiko inakofaa hasa, ikigawanywa vipindi sita au saba pamoja na kile cha fomu. Kwa sekondari, tafuta programu ya Common Sense Education, shirika la Marekani, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Project Zero, kituo cha utafiti wa elimu cha Chuo Kikuu cha Harvard: nayo ni ya bure, inafika hadi kidato cha juu, na ina masomo kuhusu jinsi kampuni zinavyokusanya taarifa. Mifano yake pia ni ya Kimarekani, na kazi ya kuibadilisha ni ileile.

Chapisha kurasa za mazoezi tu. Maelezo ya mwalimu yasomwe kwenye skrini, karatasi ni ghali. Cheti cha mwisho cha Interland mpe mtoto akipeleke nyumbani. Picha ya darasa zima likiwa limeinua vyeti, majina yakisomeka, haiendi kwenye ukurasa wa Facebook wa shule mpaka fomu za ridhaa za wazazi zote zimerudi.